Alimshikilia mumewe hewani, sasa anapanda yeye

Jua halijavuka paa la zahanati, na tayari mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano anauzunguka mkaratusi ulioegemea ukuta wa nyuma. Anagonga shina kwa mpini wa panga, anatega sikio, anasogea, anagonga tena. Penye mlio mzito anapita. Penye mlio wa ngoma anasimama.

"Hapa ndani pameliwa," anamwambia wifi yake, anayekunjua kamba chini. "Tukiuangusha kwa upande huu, mti utatuzika sote."

"Usinizike leo, wifi. Hata sanda sijanunua."

Wanacheka kidogo, kisha kila mmoja anashika lake. Wifi anafunga utepe mwekundu kuzuia wagonjwa wasikatize. Mwenye kofia anakagua mkanda wa kiunoni, pingili kwa pingili, anatema mate pembeni na kuanza kupanda.

Mtaani anaitwa Mama Kamba. Ana miaka arobaini na moja na watoto watatu. Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa mshika kamba wa mumewe, ambaye watu wote walimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine hawakuwepo.

"Yeye juu, mimi chini. Ndivyo tulivyojenga hata nyumba yetu," anasema. "Alikuwa akivuta kamba mara moja, najua anataka msumeno. Akivuta mara mbili, anataka maji. Akivuta mara tatu, ananichokoza tu."

Kazi yao ilikuwa kupunguza matawi yanayogusa mapaa na kuangusha miti iliyooza. Watu hudhani kazi hiyo inataka nguvu na panga. Mama Kamba anatikisa kichwa. Mti ulio mjini una wenyewe wengi, anasema. Kuna mwenye kiwanja, kuna jirani, kuna ofisi ya mji inayotoa kibali, kuna shirika la umeme ikiwa nyaya ziko karibu. Matawi yakilala barabarani hadi kesho yake, faini. Ukikuta kiota chenye makinda, unasubiri waruke.

"Mteja yeye anaona tawi tu. Anakwambia, kata uje uchukue hela yako. Ukimtajia kibali, anakuona mvivu."

Mteja aliyebadilisha maisha yao alikuwa na nyumba nzuri na tawi kubwa lililolalia paa. Mvua zilikuwa zimekaribia. Kibali cha kukata kilikuwepo, lakini waya wa umeme ulipita katikati ya matawi, na shirika lilikuwa limeahidi kuja kuuzima Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Umeme umeshazimwa," mwenye nyumba aliwaambia. "Nimewapigia mwenyewe. Mna wasiwasi wa nini?"

Fundi aliomba kuona karatasi. Mwenye nyumba alicheka, akaingia ndani, akabonyeza swichi ya taa ya barazani. Taa haikuwaka. Hakuna aliyejua kwamba taa ile ilikuwa imeungua siku nyingi.

"Mume wangu alinitazama," anasema Mama Kamba. "Nami nilimtazama. Ada ya shule ilikuwa imetufika shingoni. Nikamwambia, panda basi, tuwahi mvua. Ni mimi niliyesema."

Tawi lilipokatika lilizunguka, likagonga waya, na msumeno wa Fundi ulikuwa bado umeligusa. Mkewe hakusikia ukelele. Alisikia mlio kama wa gunia kuukuu linalopasuka, kisha kamba ikawa nzito mikononi mwake.

Fundi hakuanguka. Alining'inia kwenye mkanda wake, kichwa kimelala kifuani, huku tawi likiendelea kusugua waya juu yake. Watu walijaa getini wakipiga kelele. Mmoja alisema mshushe, mwingine akasema usimguse, utakufa nawe. Kila alipoilegeza kamba kidogo, mguu wa Fundi ulisogelea waya. Akaacha kuilegeza. Akakaa chini, akakita visigino kwenye mzizi, akamshikilia hewani.

"Nilikuwa namwita. Baba watoto, nipo. Baba watoto, nipo. Sikujua kama nazungumza na mtu au na maiti."

Wafanyakazi wa umeme walipofika na kuzima laini, vidole vyake ilibidi vifunguliwe kimoja kimoja.

Fundi alipona, ikiwa kupona ni neno lake. Mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Mwenye nyumba alikuja hospitalini mara moja, akaacha mfuko wa machungwa, na simu yake haikupatikana tena. Shirika la umeme lilisema hao walipanda bila idhini. Ofisi ya mji ilisema hivyohivyo. Bima hawakuwa nayo, kwa kuwa kampuni waliyoiendea zamani iliwaambia kazi ya mtini haina kundi kwenye vitabu vyao.

"Mkono ulikwenda, lawama zikabaki kwetu," anasema.

Kwa miezi mingi Fundi alikaa chumbani akiwa ameupa mlango mgongo. Marafiki walikuja kumjulia hali, wakaacha kuja. Akiba ililiwa, kisha likauzwa kabati, kisha msumeno wa petroli. Mkewe alifua nguo za watu. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akimfulia alilalamika kuhusu tawi lililokuwa likikwaruza dirisha lake. Mama Kamba akasema, "Nitakuletea mtu." Hakuwa na mtu. Alikwenda kwa wifi yake, mdogo wa Fundi, akamwomba aje kushika kamba.

"Nilimwambia umerukwa na akili," wifi anakumbuka. "Halafu nikaangalia sufuria yangu. Nikavaa viatu."

Walifanya kazi kwa siri, miti midogo midogo. Fundi aliamini mkewe bado anafua. Lakini nguo haziachi harufu ya mkaratusi. Jioni moja mkewe alipoinama kumpa chai, Fundi alitoa unga wa mbao kwenye nywele zake kwa vidole vyake vya kushoto, akautazama, akauweka mezani. Siku zilizofuata aliupa tena mlango mgongo. Watoto walikula kimya wakidhani wao ndio wamekosa.

Kisha akaita kutoka chumbani: "Mama watoto. Lete kamba."

Alimwuliza amefungaje fundo la kupandia. Mkewe akaonyesha. Fundi akafumba macho. "Umekuwa ukipanda na hili? Hili si fundo, ni salamu tu."

Akataka kumwonyesha, akasahau, bega la kulia likainuka na mkono usitokee. Wote wawili waliuona. Mama Kamba hakusubiri. Alisogea, akakaa ubavuni pake pale palipokosa mkono, akatoa wa kwake. Mkono wa kushoto wa mume ukapitisha kamba, wa kulia wa mke ukaipokea. Wakafunga, wakafungua, wakafunga tena.

"Hapo ndipo alipolia," anasema Mama Kamba. "Hospitalini hakulia. Alilia juu ya fundo."

Siku hizi mti mmoja wa wastani humpa chakula cha nyumbani cha wiki mbili, akishagawana na wifi na kulipia gari la matawi. Tatizo ni kwamba wiki tatu zinaweza kupita bila mti. Mwezi uliopita alikuja mwenye maduka aliyetaka mvinje uangushwe Jumapili, ofisi ya mji ikiwa imefungwa. Waya ulikuwa umbali wa mkono. Mama Kamba alimtaka asubiri kibali.

"Ndiyo maana sipendi kuwapa wanawake kazi," yule bwana alisema. "Mnaleta makaratasi."

Waliporudi nyumbani mikono mitupu, wifi hakuficha hasira. "Njaa haiombi kibali, wifi."

"Najua. Nami niliwahi kusema hivyo."

Kikosi kingine kiliuangusha mti ule kabla ya jioni. Hakuna aliyeumia. "Walikula hela yao wakiwa salama," anasema Mama Kamba, bila uchungu mwingi. "Hilo ndilo linaloumiza. Kuna wanaopita pale tulipokwama."

Sasa ofisi ya mji imetangaza utaratibu mpya. Baada ya mvua, kila apandaye miti kuikata atafanya jaribio mbele ya maofisa, na kila kikosi kitakuwa na msimamizi wa chini mwenye ujuzi, wa kutazama nyaya, kupima upepo na kupiga filimbi ya kusimamisha kazi. Akifaulu, Mama Kamba ataweza kuomba kazi za shule na za hospitali, zinazolipa kwa wakati. Msimamizi anayemtaka ni mmoja tu.

Alimweleza Fundi walipokuwa wakichambua mboga uani, yeye akishika shina, mume akichuma majani. Tangu ajali, Fundi hajasimama chini ya mti wowote.

"Ukining'inia mbele yangu," alisema, "mimi na mkono mmoja nitafanya nini?"

"Mimi nilikuwa na miwili, na sikuweza kukushusha."

Fundi aliacha kuchuma. "Ungenishusha, ningekufa."

"Hujawahi kuniambia."

"Nilidhani unajua."

Mama Kamba anasema aliinuka kwenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu, ili apate pa kuuweka uso wake. Aliporudi, mumewe alikuwa akichuma tena. Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

Siku ya jaribio haiko mbali. Wifi ameshafua mikanda, naye Mama Kamba amenunua filimbi na kuiweka mezani chumbani, upande wa kushoto.

"Akija, nitapanda," anasema. "Asipokuja, nitapanda vilevile. Ila sitaangalia chini."