Joto la Lundo la Valeria

Kule Mkula, kando ya barabara iendayo Ifakara, Valeria alikuwa na lundo lililofuka bila moto. Msishtuke, ndugu zangu. Lilikuwa lundo la mboji: makapi ya miwa na tope jeusi la kiwanda cha sukari, vimechanganywa na samadi ya ng'ombe wa jirani. Jaruba lake la mpunga lilikuwa limechoka. Kama asingelitia mboji kabla ya mvua, wangelala njaa, yeye na mama mkwe wake, Wilhelmina.

Ila kila alfajiri, ukungu ukiwa umetanda bondeni, Valeria alilinyunyizia lundo lile maji matamu ya molasi, akachomeka kijiti, kisha akakichomoa na kukishika apime joto. Watu wakamwona. Na mumewe, Agapiti, alikuwa amechukuliwa na mto Kilombero wakati wa mafuriko, mwili haukuonekana. Wakajumlisha wenyewe: Valeria kamfanya mumewe msukule, kamfukia pale, anamlisha vitamu.

Asubuhi moja balozi wao wa nyumba kumi, Stanislaus, akaja na watu wenye majembe.

"Mama, tumekuja kufukua."

"Fukueni, baba. Mnipindulie vizuri basi, leo ilikuwa siku yake ya kupinduliwa."

Jembe la kwanza lilipozama, mvuke ulifumuka, mtamu, mzito. Mmoja akatupa jembe akatimua mbio.

"Rudi, shujaa wa wali!" balozi akafoka, naye mwenyewe akirudi nyuma hatua moja.

Wakachimba mpaka chini. Makapi meusi, basi. Balozi akaomba radhi, wakaondoka haraka bila kugeuka nyuma.

Wilhelmina, aliyekuwa akitazama kando, hakuondoka. Alipiga magoti, akazamisha mkono ndani ya makapi mpaka kwenye kiwiko.

"Valeria, njoo ushike. Hili si joto la takataka. Ni joto la mtu."

"Mama, ni mboji hiyo. Ikipoa naipeleka jarubani."

"Utamtawanya mwanangu kwa koleo? Hatukumzika. Yuko wapi basi, kama hayupo hapa?"

Valeria akaingiza mkono ili amtoe wasiwasi. Akatulia. Mle ndani palikuwa na joto la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi, na chini ya kiganja chake makapi yakasogea kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Mwaka ule jaruba halikupata hata koleo moja la mboji. Valeria alianza kurudishia makapi kwa mikono, polepole, akianzia upande ambao, bila kuambiwa na mtu, alijua ndiko kichwani.