Sindano Moja kwa Zizi Zima

Siku ile ya kijijini Pito naikumbuka yote, mjukuu wangu, kuanzia ukungu wa asubuhi hadi matope ya viatuni, na kila ninapoikumbuka chakula hakipiti. Jana mezani kwangu ulinirudisha kulekule. Ulikuwa unakula ugali wa ulezi, umefurahi, unanisimulia kazi yenu ya kukusanya damu ya ng'ombe pembezoni mwa Izia, kwa Mzee Kasiani mwenye maksai wawili. Ukasema, "Babu, sindano zilituishia, tukawa tunafuta na spiriti tunaendelea. Ng'ombe wenyewe poa tu." Halafu ukacheka.

Mimi nikasukuma sahani nikatoka nje, na bibi yako akakuambia ni presha. Haikuwa presha, Veneranda. Ilikuwa hasira, na leo bado ninayo. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukuita. Nikikuita nitafoka, wewe utalia, na tutakuwa hatujaongea kitu.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka chuoni, nina koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, nimetumwa kutafuta virusi ambavyo ndivyo nilivyoanzia kazi: vile vinavyokaa ndani ya damu ya ng'ombe kimya kimya, na kwa wachache, baada ya miaka, vinawaletea uvimbe wa saratani. Wewe unavijua. Naandika hivi ili bibi yako naye asome aelewe kwa nini nilimwachia ugali wake.

Pale Pito tulifika kwa Mama Leokadia, mjane mwenye ng'ombe tisa. Wawili kati yao walikuwa maksai wake wa kulimia, Mgeni na Diwani. Huyo Diwani alipewa jina hilo kwa sababu ya tumbo lake, na kwa sababu alipenda kusimama mbele za watu bila kufanya lolote. Shamba lote la mahindi na ulezi la yule mama lilitegemea shingo za wale wawili.

Nilipofungua mkoba nikakuta boksi la sindano halimo. Nilikuwa nimelisahau kitandani, nyumba ya wageni, Sumbawanga mjini. Mfukoni nilikuwa na sindano moja tu. Kurudi mjini kwa barabara ile, na mvua ile, ilikuwa kazi ya nusu siku, nami niliona aibu kumwambia mama mtu mzima kwamba msomi amesahau vifaa vyake kitandani. Nikachukua pamba na spiriti, nikajitia sijaona kitu.

Yule mama hakuwakamata ng'ombe ovyo ovyo. Alitoa miti ya mlango wa zizi akawaacha watoke kama wanavyotoka kila siku kwenda malishoni, na ng'ombe, kama hujui, wana utaratibu wao. Katibu alitangulia. Akafuata Sabuni, kisha Kipara, kisha Mgeni, Diwani na Chungwa, halafu wale watatu wadogo. Mimi nachoma, navuta damu, nafuta sindano, nabadilisha chupa. Kila chupa niliiandika namba kwa mwandiko mzuri ajabu. Mama Leokadia alisimama pembeni na fimbo yake, akiniangalia mikono, bila kusema neno.

Majibu ya maabara yalipotoka, aliyekuwa na virusi alikuwa Kipara peke yake. Mwaka mmoja baadaye tulirudi kupima tena, safari hii kila ng'ombe na sindano yake. Tukamkuta Kipara, na sasa Mgeni, Diwani na Chungwa nao wanavyo. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema nimepata jambo la kuandika: ugonjwa unaosambaa kwa kasi namna hii, bila shaka ni nzi wanaouma. Nilifika kwa yule mama na majibu yangu kama mtu aliyeleta zawadi.

Alinikaribisha kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Katibu na Sabuni hawana?"

"Hawana, mama."

"Na hao wenye ugonjwa ni Kipara na watatu waliomfuata mlangoni?"

Nikasema ndiyo.

"Nzi wa wapi hao wanaojua foleni ya zizi langu?" akasema. "Chupa ulibadilisha. Sindano hukubadilisha. Nilikuwa nakuangalia, mwanangu. Nikasema moyoni, huyu kasoma, anajua anachofanya. Nilinyamaza kwa sababu ya koti lako, na hilo ndilo linaloniuma."

Veneranda, spiriti ile ilipita nje ya sindano. Damu ya Kipara ilikuwa ndani ya tundu lake. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, na wewe ulifundishwa, kwa hiyo usiniambie hukujua.

Ungedhani nilipiga magoti pale. Thubutu! Nilirudi mjini nikamweleza mkubwa wangu wa kazi, naye hakuinua hata macho. "Andika nzi," akasema. "Nani atakwenda kumuuliza bibi wa Pito?" Nikaandika nzi. Mkono ni wangu, kalamu ni yangu, sitamsingizia yeye. Na ripoti ile ilisomwa. Wafugaji walihangaika kunyunyizia ng'ombe dawa ya nzi, na wakati huohuo wachanjaji wakaendelea kuingia mazizini na sindano moja kwa kundi zima, wana amani kabisa, kwa sababu msomi alishasema kosa ni la nzi.

Miaka ikapita. Msimu mmoja wa kulima Mama Leokadia akaniita. Nilimkuta Diwani amelala kwenye mfereji aliokuwa akiulima, tezi za shingo na za bega zimevimba, mbavu zinahesabika. Ng'ombe wengi wenye virusi vile hawafiki huko. Diwani alifika. Nilimpapasa nikajua hakuna dawa, nikamwambia mwenye mali amchinje asiteseke. Mgeni alibaki peke yake, na maksai mmoja havuti jembe la wawili. Nilipogeuka, yule mama, na umri wake ule, alikuwa ameshachukua jembe la mkono anaendelea pale Diwani alipoishia.

Akaniuliza bila kusimama, "Uliandika kuhusu ile sindano?"

Nikasema, "Niliandika nzi, mama."

Hapo akasimama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Basi nenda ukaandike tena. Mimi hili nitalilima. La kwako siwezi kukulimia."

Nikaenda nikaandika tena, kwa jina langu, kwamba ng'ombe wa Pito niliwaambukiza mimi. Nilipita kwa wachanjaji, mmoja mmoja, kuwaonyesha tundu la sindano. Mkubwa wangu alinuna, akaniondoa kwenye kazi ya ng'ombe akanipeleka kwa kuku, ambao nao wana virusi vyao vya uvimbe. Watu huku wanadhani nilipenda kuku! Miaka yote ile umesikia wakiniita Daktari wa Kuku, ukacheka nao. Sasa unajua jina hilo lilitoka wapi. Mama Leokadia alilima kwa mkono misimu miwili kabla hajafundisha maksai mwingine wa kuvuta na Mgeni, na misimu hiyo miwili hakuna karatasi yangu hata moja iliyoweza kuirudisha.

Kwa hiyo nina hasira. Ninayo na yule kijana wa koti jeupe, ninayo na mkubwa wake, na jana nilikuwa nayo na wewe zaidi ya wote, kwa sababu wao hawakuwa na mtu wa kuwatangulia kwenye kosa hili, na wewe ulikuwa naye ameketi mbele yako anakula. Ninayo na mimi pia. Hadithi hii nilipaswa kukupa siku unapata koti lako, nami niliona aibu nikaiweka moyoni.

Sasa nisikilize. Ng'ombe si chupa ya kuhifadhia kazi yako. Ana mwenyewe, na mwenyewe ana shamba. Sindano ikiisha, kazi imeisha. Funga mkoba, rudi mjini, acha watu wakucheke. Mtu anayekutazama mikono, muulize anaona nini, maana hatakuambia mwenyewe akiogopa elimu yako. Na ukishakosea, usitafute nzi.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, tutakwenda Izia kwa Mzee Kasiani. Mpe shikamoo yake, kisha mwambie ulichofanya. Mimi nitasimama nje ya zizi, sitakusemea. Bila shaka atakasirika, na umwache akasirike mpaka amalize. Kisha chukua kalamu umuulize, siku ile ng'ombe wake walitoka kwa mpangilio gani, nani mbele na nani nyuma. Atakutajia wote kwa majina. Andika kila jina kama atakavyolitaja, wapimwe tena, na wenye virusi watengwe kabla ya msimu wa kulima.

Mungu akufungue mdomo kesho, mwanangu, na akupe mikono isiyo na haraka. Akubariki wewe, na maksai wa Mzee Kasiani wafike shambani wote wawili.