Mpishi Aliyeficha Tumbo

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa mpishi wa shule, na kwa usafi hakuwa na mpinzani. Masufuria aliyaoshea nyuma ya jiko, penye mtaro uliofurika maji ya choo, tena pekupeku. Viatu alivivua makusudi asije akaingiza tope jikoni. Kumbe minyoo mingine hupenya kwenye nyayo. Mpishi mwenzake alipopimwa, akakutwa na minyoo na kuachishwa kazi, wifi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kisha zamu yake ikafika. Tumbo likaanza kumsokota na kumwendesha, naye kimya. Magoti yakavimba, vifundo vya miguu vikafuata, akawa anashuka ngazi kwa makalio. Nikimsihi amweleze daktari habari za choo, ananiambia nichunge domo langu. Hasira ya siku zile ninayo mpaka leo. Zahanati alitaja magoti tu, akapewa vidonge vikali vya kuondoa uvimbe. Vilimpa nafuu kweli. Akaanza kunitania kwamba sasa mwenye magoti ya bibi kizee ni mimi.

Nafuu yenyewe haikukaa. Vidonge vile vilikuwa vimeupunguzia mwili kinga, na minyoo ikatoka tumboni ikasambaa hadi mapafuni. Tulimfikisha hospitali kubwa akihema kwa shida, mwili unawaka homa.

Daktari alimwuliza kama tumbo limewahi kumsumbua, maana viungo kuvimba wakati mwingine huanzia huko. Msimamizi wa jiko la shule alikuwa amekuja kumjulia hali, kasimama miguuni pa kitanda. Wifi akamtazama msimamizi, si daktari.

"Tumbo langu halina neno," akasema.

Uvumilivu ukanishinda. "Anaharisha tangu kabla ya magoti, daktari. Anaficha."

Daktari alisimamisha vile vidonge, akaagiza dawa ya minyoo papo hapo. Msimamizi akainamisha kichwa, akatoka bila kuaga. Muuguzi alipoleta dawa, wifi aliimeza bila ubishi, kisha akageukia ukutani.

"Umenifukuzisha kazi, wifi," akaniambia, sauti ikitoka kwa tabu.

Nilimwambia kazi zipo nyingi, apone kwanza. Nikamshika mkono, akautoa. Dawa ilikuwa imechelewa. Alikufa kesho yake mchana, bado amenuna.