Nilivyomsikia marehemu mama ndani ya makumbusho ya Naivo Mashine, Nosy Be

Wakuu, habari za humu.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, mkiona nimekosea kuandika mnivumilie. Ila haya yamenitokea mwenyewe, na majina nitakayotaja nayataja makusudi. Asiyetaka kusikia apite, nyuzi ziko nyingi.

Mimi ni Mngazidja wa kuzaliwa Majunga, Madagascar. Siku hizi wanaandika Mahajanga. Nyumbani tulisema Kikomoro, barabarani Kimalagasi. Kiswahili nimekuja kukijulia Dar, ninakochomelea mageti mpaka leo.

Nyumba ya baba ilikuwa na chumba cha juu, cha mbao. Baba alimpangisha kijana wa kutoka milimani, jina lake Naivo, fundi redio. Alikuwa na mashine ya kanda kubwa na kinanda cha umeme alichokiunga mwenyewe, nyaya nje nje.

Huyu bwana alirekodi kila kitu. Wavuta pusipusi, vigari vya kukokotwa na mtu, wakigombea abiria, mama akikuna nazi, sisi watoto tukisoma Kurani chuoni. Halafu anatuvalisha vile vya masikioni tujisikie, tunacheka mpaka tunakaa chini. Mama alikuwa hapiki Ijumaa bila kumpandishia sahani yake.

Mlango wa pili alikaa Zafy, seremala. Huyo hakuwa Mwislamu, lakini alikaa na sisi mpaka akajua kupiga hodi kama sisi.

Niwaeleze hapo. Kwetu hodi si kugonga tu. Mtu anatoa salamu, anamtaja mwenye nyumba kwa jina, kisha anangoja kimya. Ukishasalimiwa hivyo unafungua, hata kama jana mlitukanana. Kumwacha mtu nje na salamu yake ni aibu ya ukoo mzima. Mgeni wa mji hajui hayo. Zafy alijua.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, pale mjini wakaanza kutusaka Wakomoro. Sababu sitaieleza, kila mtu ana yake. Ninachojua ni moshi, na watu wanapita nje wanagonga milango kwa magongo. Baba akaweka komeo na kuegemeza meza mlangoni. Wakagonga, hatukufungua. Wakapita.

Baada ya alasiri ikaja hodi ya taratibu. Salamu, jina la baba, kimya.

Baba akasogeza meza, wakaingia wale wa magongo.

Dada yangu Zalia alinivuta mkono tukatokea nyuma, tukajificha kwenye choo cha jirani mwingine. Baba na mama hatukuwaona tena. Tukapakiwa kwenye ndege na manusura wengine, tukashushwa Ngazidja, kisiwa cha kwetu Komoro.

Tangu siku hiyo nilisema, ile hodi ilikuwa ya Zafy. Nilikuwa na miaka saba. Zalia alikuwa mkubwa kwangu, akasema niliota, na watu wakashika lake. Mimi nikawa yule mtoto aliyechanganyikiwa na moshi. Utu uzima wangu wote nimetembea na jina hilo.

Zafy yeye alihamia nyumba ya baba. Eti anaitunza! Na binti wa Zalia, Echa, alipoolewa Hell-Ville huko kisiwani Nosy Be, aliyeketi kiti cha babu ni Zafy. Mimi harusi sikwenda.

Juzi juzi Echa kajifungua, akaniita. Mpango wake ulikuwa tukae kwake kidogo, halafu twende wote Mahajanga kumwonyesha babu Zafy mtoto, na mimi nimpe mkono yaishe. Nikakubali, nimechoka kuwa mbaya wa familia.

Kabla ya safari akanipeleka Ambanoro, kijiji hapo jirani.

"Mjomba, kuna makumbusho ya mwanamuziki wa mitambo," akaniambia. "Unagusa vitu vinalia. Angalau utacheka, umenuna tangu ushuke."

Kufika mlangoni nakuta picha kubwa ya mzee mwenye mvi. Nikasimama. Naivo. Kumbe baada ya kule alihamia hapa, akawa jina kubwa hadi Ulaya, wanamwita Naivo Mashine. Kashakufa, na binti yake Voahangy ndiye anayeendesha ile nyumba.

Chumba cha kwanza kweli ni raha. Vifuu vya nazi vinaning'inia, ukisogeza mkono karibu, bila kugusa, vinaimba. Watalii wanacheza kama watoto. Echa na mtoto mgongoni anavipungia, anacheka.

Nikawaacha, nikaelekea cha pili. Chumba kina giza kidogo na ukuta mweupe. Nikapita kwenye fremu ya mlango.

Mwanamke akasema sikioni mwangu, kwa Kikomoro: "Usifungue."

Wakuu, nywele zilisimama. Nikarudi nyuma hatua moja. Akasema tena, vile vile, pumzi ile ile.

Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu utoto, na sikuhitaji kuambiwa ya nani. Mama.

Kumbe fremu ina sensa, kifaa cha kuhisi mtu. Kila anayepita, mama anasema. Mzungu mmoja mwenye kofia akaingia, mama akamwambia usifungue. Akatoka, akaambiwa tena. Akatabasamu, akarudi kupita makusudi, kwa sababu chini kuna ngoma ya umeme na inakwenda sawasawa na maneno yake.

Ukutani kuna vitelezi, vitufe vya kusogeza juu na chini, kila kimoja kinashika sauti yake. Unapandisha, unashusha, unatengeneza wimbo unavyotaka. Hiyo ndiyo michezo ya pale. Nikashusha ngoma. Nikashusha kinanda. Nikashusha kitu kama upepo. Nilivyokuwa nashusha, chumba kikawa kinarudi kuwa nyumba yetu. Nikasikia miguu ya meza ikiburuzwa kwenye saruji. Nikasikia mtoto analia, nikajua ni mimi.

Kitelezi cha mwisho nilikiogopa. Nikakipandisha.

Salamu. Kisha jina la baba: "Saidi." Kisha kimya.

Echa alikuwa keshafika nyuma yangu.

"Mjomba, huyu akisema anapiga mluzi kwenye meno," akasema taratibu. "Ni babu Zafy. Kwa nini babu Zafy yumo humu?"

Nikamwambia ngoja, sikiliza anayepigiwa hodi ni nani. Akasikiliza mpaka mwisho, meza inasogezwa na magongo yanaingia. Baada ya hapo hakumwita tena babu.

Voahangy alipotuona akaja. Tukasema kwa Kimalagasi. Akaapa baba yake alimwambia ule ni mchezo wa kuigiza, aliurekodi mtaani. Nikamwambia mchezo ulikuwa chini ya kitanda cha baba yako, mwenyewe yuko juu dirishani na maikrofoni, na sahani aliyopandishiwa na mama haijaoshwa. Binti wa watu alikaa chini akalia. Simlaumu yeye.

Echa akampigia mama yake Ngazidja, akaielekeza simu ukutani. Nikachukua simu, nimejiandaa kumwambia umesikia sasa, nani aliota.

"Nilijua," dada akasema. "Nilijua siku ile ile. Ungebaki na jina la Zafy kichwani ungekua, ungerudi Majunga, ungeua mtu na wewe ukauawa. Nilikuwa nimebakiwa na wewe tu."

Halafu akaomba apigiwe tena kile kipande cha mama. Kile tu.

Mahajanga hatukwenda.

Voahangy aliniambia yuko tayari kuikata ile sauti, anikabidhi, wageni wasiichezee tena. Nikafikiri. Ikikatwa mama anapumzika, lakini Zafy anapumzika pia.

Mwisho wa makumbusho kuna kibanda. Mgeni anaingia, anaacha sauti yake, mashine inaichanganya na za marehemu. Watu wanaacha vicheko na majina ya wapenzi. Nikaingia nikafunga pazia. Nikasema kwa Kikomoro, kisha Kimalagasi: aliyepiga hodi ni Zafy seremala, na anaishi ndani ya nyumba aliyoipigia. Aliyerekodi ni Naivo, mpangaji wetu, akatengenezea muziki. Anayesema usifungue ni mama yangu, Moinafatima.

Voahangy akaiweka kwenye fremu ile ile mbele yangu. Echa anapita pale kila wiki kuhakikisha. Ananiambia mama anasema, halafu nasema mimi.

Funzo nililopata ni chungu. Msimchekee mtoto akiwaambia alichosikia. Na mkubwa akikuita mwongo, inawezekana anajua kuliko wewe.

Na dada sijampigia tangu siku hiyo. Naishika simu naiacha. Kaniokoa au kaniibia? Waliopitia mambo ya ukoo naomba mniambie, ila matusi kwa dada yangu sitaki.