Boya la ndala kwenye tangi la panya

Jamani, wale panya wangu wenye akili? Nafuta kauli. Nimeumbuka.

Naandika haraka kwenye kompyuta ya kukodi hapa Mirongo, nina hasira kwelikweli.

Mnakumbuka nilivyotamba? Niliwachoma panya dawa ya kuzuia glutamati, kemikali ambayo ubongo huihitaji, pale kwenye sehemu yake iitwayo hipokampasi, ili kuhifadhi kumbukumbu mpya. Walipaswa kuogelea ovyo tangini, wasikumbuke kigoda cha kusimamia kiko wapi chini ya maji tuliyoyafanya meupe kwa maziwa ya unga.

Wao wiki nzima wanakwenda moja kwa moja! Nikamwandikia hadi profesa wangu.

Leo nimewahi kufika maabara.

Juu ya kigoda kinaelea kipande cha ndala ya bluu.

"Shikamoo mzee. Hiki nini?"

"Marahaba. Boya," akajibu Mzee Majura, msaidizi wangu anayewaogelesha nikiwa darasani. Amevua samaki Ukerewe miaka mingi. "Ukitega kitu majini bila boya, nani atakiona tena?"

Kumbe panya hawakukumbuka chochote. Walikuwa wanafuata ndala!

Uvumilivu ukanishinda. "Sasa mzee, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza Jumatatu, mwanangu. Ukaandika kabisa."

Nikafungua daftari ili nimwoneshe kwamba hakuna.

Jumatatu, mwandiko wangu mwenyewe: "Mzee anaomba kuweka boya. Sawa."

Haya, chekeni.

Na mimi sijachomwa dawa yoyote.