Ng'ombe Mwekundu kwa Nusu Mwendo

Umeme ulipofika kwetu Nyamwaga nilifurahi kama wengine. Lakini tangu hapo kuna kitu nakikumbuka mno: feni ya kompyuta ikizunguka polepole, na babu amekaa pembeni akiisikiliza kama anavyosikiliza ng'ombe akicheua.

Kompyuta aliniachia kaka kabla ya umeme huo, alipokwenda kufanya kazi mgodini Kewanja. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulitegemea sola ndogo juu ya bati na betri yake moja kuukuu. Kaka alinionyesha mahali pa kupunguza mwendo wa prosesa, ile sehemu inayofanya kazi zote ndani. Ukiiweka nusu, inakula umeme kidogo. "Usiikimbize," aliniambia. Nilipenda hivyo. Mimi niliishia darasa la saba na huandika polepole, tulikwenda sawa. Nikawa nawawekea watu nyimbo kwenye simu, na kupunguza video kubwa ziingie simu ndogo.

Mvua za mwaka mmoja, dada yake babu aliugua. Aliolewa zamani ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Ng'ombe wa mahari yake babu aliwatumia kumwoa bibi yetu, isipokuwa mtamba mmoja aliyebaki zizini. Sasa mgonjwa alimtuma mjukuu wake, kijana wa pikipiki, na ombi moja: aonyeshwe uzao wa yule mtamba. Kusafiri hakuweza tena, na hatukujua atakuwepo hadi lini.

Babu alisimama zizini akamshika shingoni ng'ombe mwekundu wa uzao huo, nami nikamrekodi kwa simu ya jirani. Video ikawa kubwa mno kwa simu ya mgonjwa. Nikaiingiza kwenye kompyuta ipunguzwe. Nje mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi.

Kijana alitazama asilimia zikijikokota. "Hii mashine imelala, bana. Si uiamshe? Mvua ikinishika kabla ya Sirari pale mpakani, leo sifiki."

"Iko nusu," nilisema, nikitazama chini.

"Nusu ya nini? Huyo ng'ombe atazaa tena kabla hujamaliza."

Bibi alicheka jikoni. Nilipaswa kumweleza kijana habari ya betri. Niliona aibu, nikapandisha mwendo hadi mwisho. Feni ikavuma, asilimia zikaruka: thelathini, hamsini, sitini. Kijana akatabasamu. Kisha inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri, ikapiga mlio mmoja na kila kitu kikazimika. Kazi yote ikapotea.

"Imekufa?" babu aliuliza.

"Imechoka, babu. Nimeikimbiza."

"Basi iache ipumzike." Akamgeukia kijana. "Na wewe, mjukuu wangu, huo ufunguo wa pikipiki weka mfukoni. Njoo umkatie majani huyu ng'ombe. Dada yangu akikuuliza kama umemgusa, utamjibu nini?"

Kijana alitia ufunguo mfukoni, akamfuata.

Saa nane jua lilichungulia. Nilingoja betri ipate nguvu kidogo, nikaanza upya kwa nusu mwendo, nikazima kioo, tukabaki na ile feni tu. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Babu alisimulia jinsi dada yake alivyokuwa akimfukuza kwa fimbo kila alipomkuta ananyonya ng'ombe pamoja na ndama. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo, na baadaye sikumsikia tena.

Nilipowasha kioo, kazi ilikuwa imekwisha. Niliihamishia video kwenye kadi ya simu; kijana akaifunga kwenye leso, akaondoka akinuka zizi.

Kesho yake alipiga kwenye simu ya jirani. Bibi yake ameiona video mara nne, ameagiza aonyeshwe tena kesho.

"Amesema nini?" babu aliuliza.

"Amesema ng'ombe wake amekonda. Anauliza kama huko mnamlisha."

Babu alirudisha simu bila kuaga. Alichukua panga akaenda kukata majani, akinung'unika njia nzima kwamba dada yake hajabadilika hata kidogo. Alirudi na mzigo mkubwa kichwani, na alikuwa anacheka.