Kumdhibiti Mzee

Baba alipoanguka bafuni kwangu Kitale, ndugu zangu walikuja, wakamaliza chai yote, kisha kakangu mkubwa akaniambia, "Si wewe huwa huendi popote? Basi mdhibiti mzee. Asitoke."

Neno hilo lilinipa cheo. Maishani sikuwa nimewahi kudhibiti kitu. Hata kuku wangu hulala kwa jirani. Nikanunua kufuli ya geti, nikaficha gambuti za baba, viatu vyake vya shambani, juu ya kabati.

Mvua ya kupanda ikanyesha. Kwetu Kabuchai, upande wa Bungoma, watoto hawapandi mahindi kabla ya baba yao kufukia mbegu ya kwanza. Lakini kakangu alipiga simu, sauti ikasikika nyumba nzima: "Mwaka huu tutapanda tu. Mzee asisumbuliwe."

Asubuhi nilimkuta baba amekaa karibu na geti, kofia kichwani, miguu mitupu.

"Askari," akaniita, "mimi nimekufa?"

"Hapana, baba."

"Basi mbona watoto wangu wanapanda kama mayatima?"

Nikaingia ndani, nikatoa kamusi ya sekondari, kitu pekee nilichotoka nacho shuleni ukiacha cheti ambacho hatukionyeshi wageni. Dhibiti: zuia, weka chini ya mamlaka. Pembeni nilikuwa nimeandika kwa penseli maneno ya mwalimu wetu: limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni kushika, kushika imara. Nikarudia kusoma. Siku ile ya bafuni nilikuwa sebuleni natazama mpira. Baba aliniita mara mbili. Nikasema, nakuja.

Nikashusha gambuti, nikamvalisha.

Tulipofika Kabuchai, kakangu alikuwa shambani na ndugu zetu wengine, ndoo ya mbegu mkononi. "Si nilikuambia umdhibiti?"

"Ndio hii namdhibiti," nikasema, na mkono wa baba nilikuwa nimeushika imara.

Alinitazama, akamtazama mzee, akampa jembe. Baba akaliinua, akayumba. Nikamshika kiunoni kwa nyuma.

"Usinibane, bana. Mimi si gunia."

Lakini aliniegemea. Uzito wake wote ulikuwa mikononi mwangu, na haukuwa mwingi. Akachimba shimo moja, akaangusha mbegu mbili, akafukia kwa mguu, polepole, akakanyaga.

"Haya," akawaambia. "Sasa pandeni."